Je, Kilichopungua ni Matangazo?

Siku hizi kijana anayemaliza kidato cha nne na kutaka kuanzisha biashara ndogo hakosi mshauri. Kabla hajapata mtaji amekwisha kuelezwa kuwa afungue ukurasa katika Facebook na Instagram, aweke picha kila siku, atafute wafuasi wengi, atengeneze video fupi za kuchekesha, amjibu kila aandikaye, na fedha ikipatikana alipie matangazo ili picha zake zionwe na watu wengi zaidi. Ushauri huu hutolewa katika semina, redioni, na zaidi ya yote katika mitandao yenyewe. Hutolewa kwa muuza nguo wa Kariakoo na kwa muuza ndizi wa Kawetele, mjini Tukuyu, kwa maneno yale yale, kama kwamba watu hao wawili wanafanya kazi moja.

Wanaotoa ushauri huo si lazima wawe waongo. Kosa lao ni jingine, nalo ni kosa ambalo elimu ya sayansi imekusudiwa kulisahihisha: wanaagiza dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Jambo linalostahili kuulizwa na mwalimu na mwanafunzi si kama mitandao ya kijamii ni mizuri au mibaya. Swali ni hili: katika biashara fulani, mahali fulani, ni kitu gani hasa kilichopungua?

Kanuni ya kirutubisho kilicho haba

Swali hilo lina historia ndefu katika sayansi ya kilimo. Mwaka 1828 Carl Sprengel wa Ujerumani alieleza kanuni moja ambayo Justus von Liebig aliieneza baadaye, kuanzia mwaka 1840. Kanuni yenyewe ni kwamba ukuaji wa mmea hauamuliwi na jumla ya virutubisho vyote vilivyomo udongoni, bali na kile kimoja kilicho haba kuliko vingine kwa kulinganisha na mahitaji ya mmea. Shamba lililopungukiwa na fosforasi halitaongeza mavuno kwa kumwagiwa naitrojeni. Wanafunzi hufundishwa kanuni hii kwa mfano wa pipa lililoundwa kwa mbao zisizolingana urefu. Maji hujaa mpaka kwenye ubao ulio mfupi kuliko zote, kisha humwagika. Kuurefusha ubao mwingine wowote ni kazi bure.

Biashara nayo ni pipa la namna hiyo. Mbao zake ni ubora wa bidhaa, wingi wake, bei, vipimo, usafiri, mtaji, uaminifu wa muuzaji, na kujulikana kwake kwa wanunuzi. Matangazo hurefusha ubao mmoja tu, nao ni ule wa kujulikana. Ushauri unaotolewa kila mahali unachukulia, bila kusema, kwamba ubao huo ndio mfupi kila mahali. Katika mji mkubwa, ambako maduka mengi mno huuza nguo zinazofanana kwa watu wasiofahamiana, huenda ikawa kweli. Kawetele hapana budi kupima kwanza.

Ndizi zisizohitaji kutambulishwa

Wilaya ya Rungwe ina mvua nyingi na udongo uliotokana na volkano. Huzalisha ndizi, chai, viazi mviringo, maziwa na parachichi, na barabara kuu itokayo Uyole hupita Tukuyu kuelekea mpaka wa Kasumulu. Ndizi za Rungwe hazihitaji kutambulishwa kwa wanunuzi wa Mbeya wala wa Dar es Salaam. Malori huzifuata yenyewe. Mkulima anayeuza mkungu hakupungukiwa na watu wanaojua kwamba ana ndizi. Kinachompunguzia kipato ni kwamba mkungu hukadiriwa kwa jicho badala ya kupimwa kwa mzani, kwamba viazi vya jirani yake hufungwa kwa lumbesa, na kwamba wakati wa masika njia za vijijini huwa tope, ilhali ndizi iliyokwisha kukatwa haisubiri jua litoke. Picha nzuri ya mkungu haiwezi kuongeza hata kilo moja katika mzani ambao haupo.

Kisa cha soko la Malawi kinatoa fundisho zaidi. Katika miaka ya 1990 iliripotiwa kwamba Malawi imeingiwa na ugonjwa wa virusi unaodumaza migomba na kuyasonganisha majani yake kileleni. Ugonjwa huo huenezwa na vidukari, na pia kwa kupanda machipukizi yenye maambukizo. Mashamba mengi ya migomba ya nchi hiyo yaliangamia, na ndizi kutoka Tanzania na Msumbiji zikaziba pengo. Chukulia kwamba mfanyabiashara wa Tukuyu alianza kutuma picha za ndizi zake mtandaoni katika kipindi ambacho wanunuzi wa kutoka ng'ambo ya mto Songwe walikuwa wakiongezeka. Mauzo yake yangepanda, naye angeapa kwa moyo safi kwamba picha ndizo zilizoyapandisha. Kumbe aliyemletea wateja ni kidukari.

Mambo hugeuka pia. Mwezi Machi 2025 serikali ya Malawi ilisimamisha uingizaji wa mazao kadhaa kutoka nje, ndizi zikiwamo. Mwezi uliofuata Tanzania ikajibu kwa kuyazuia mazao ya Malawi, kisha wajumbe wa nchi hizo mbili wakakutana kuzungumza. Katika majuma hayo hapakuwa na idadi ya wafuasi ambayo ingeweza kuufungua mpaka. Mtu asiyetofautisha mambo mawili yanayotokea pamoja na jambo moja linalosababisha jingine atajisifu bure mauzo yanapopanda, na kujilaumu bure yanaposhuka.

Kisichoonekana katika picha

Parachichi la aina ya Hass, ambalo lina jina la Rudolph Hass wa California aliyelisajili mwaka 1935, limekuwa zao muhimu la Rungwe, na husafirishwa mpaka Ulaya. Tunda hili lina tabia ya ajabu: haliivi likiwa mtini. Hukomaa likiwa juu ya mti, na huanza kuiva baada ya kuchumwa. Aidha, Hass lililokomaa na lile ambalo bado halijakomaa yote huonekana ya kijani mtini. Likichumwa kabla ya wakati, halitaiva vizuri. Litanywea, na nyama yake itakuwa ngumu kama mpira. Mnunuzi wa mbali hugundua hasara hiyo majuma kadhaa baadaye, meli imekwisha kutia nanga.

Kwa sababu hiyo wanunuzi hupima kiasi cha kitu kikavu kilichomo katika tunda, ambacho hupanda pamoja na mafuta yake. Kwa Hass, sheria ya California hudai kisipungue asilimia 20.8. Kipimo hiki chaweza kufanyika katika maabara ya shule yoyote yenye mzani mzuri na jiko la kukaushia. Nyama ya tunda hukatwa vipande vyembamba na kupimwa, hukaushwa polepole mpaka uzito wake usipungue tena, kisha hupimwa mara ya pili. Gramu 50 zikibaki gramu 11.5, kitu kikavu ni asilimia 23, na tunda limekomaa.

Hapa ndipo ubao mfupi unapojionyesha. Kinachotafutwa na mnunuzi wa parachichi ni uhakika juu ya jambo lisiloonekana kwa macho, na picha hata iwe safi namna gani haiwezi kuonyesha kitu kikavu. Mkulima atakayetumia saa moja kila siku kutunza ukurasa wake atakuwa ametumia saa 365 kwa mwaka, yaani zaidi ya siku 45 za kazi za saa nane. Siku hizo zingemtosha kujifunza kupima ukomavu, kupogoa miti yake, na kukubaliana na jirani zake wachume kwa siku moja ili lori lijae. Gharama ya ushauri wa bure huonekana pale mtu anapokihesabu kile alichoacha kukifanya.

Washindi hawajui siri yao

Mtetezi wa ushauri huu atasema: wapo watu waliofanikiwa kwa njia hiyo, na majina yao yanafahamika. Ni kweli wapo. Lakini kumwuliza mshindi jinsi alivyoshinda si njia ya uhakika ya kupata maarifa, kwa sababu walioshindwa kwa kufuata njia ile ile hawaalikwi kwenye semina.

Jaribio lililotangazwa mwaka 2006 katika jarida la Science linalionyesha jambo hili vizuri. Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, waliwakusanya kwa njia ya mtandao washiriki 14,341 na kuwapa nyimbo 48 za wanamuziki wasiojulikana. Kundi moja lilisikiliza na kuchagua bila kujua wengine wamependa nini. Wengine waligawanywa katika makundi manane yaliyotengwa, na kila mmoja aliweza kuona ni watu wangapi wa kundi lake waliouchukua kila wimbo. Nyimbo zilikuwa zile zile na mwanzo ulikuwa mmoja. Hata hivyo matokeo yalitofautiana. Nyimbo nzuri sana ni nadra zilishika mkia, na mbaya sana ni nadra zilivuma. Lakini zile nyingi za katikati ziliweza kufika popote. Wimbo mmoja ulishika nafasi ya kwanza katika kundi moja na nafasi ya 40 katika jingine.

Sasa fikiria mwimbaji wa wimbo huo akiulizwa siri ya ushindi wake na mtu wa lile kundi la kwanza. Angetaja bidii, ubunifu, na pengine saa alizopendelea kufanya kazi. Mwimbaji huyo huyo katika kundi jingine angekuwa na bidii ile ile na asiulizwe na yeyote. Mitandao ya kijamii imejengwa kwa namna inayofanana na makundi manane yale: kinachoonwa na wengi leo husukumwa kionwe na wengi zaidi kesho. Mahali penye utaratibu huo bahati ndogo ya mwanzo hukua na kuwa tofauti kubwa, na mshindi huiita bahati hiyo mbinu.

Kipimo kisichomfaa muuzaji mdogo

Ushauri mwingine unaosikika wa kisayansi zaidi husema: jaribu, pima, kisha rekebisha. Neno hilo ni zuri, lakini halina nguvu sawa kwa wakubwa na wadogo, na sababu yake yaweza kukokotolewa na mwanafunzi wa sekondari.

Chukua mfano wa kubuni wa duka la Kawetele linalopata wateja 20 kwa siku, yaani 140 kwa juma. Iwapo kila mteja huja kwa hiari yake bila kutegemea wengine, idadi ya juma moja hupanda na kushuka kwa bahati tu, na kadiri ya mchezo huo ni kipeuo cha pili cha wastani. Kipeuo cha pili cha 140 ni karibu 12. Juma la wateja 128 na juma la wateja 152 yote ni majuma ya kawaida. Chukulia kwamba tangazo la kulipia kweli huongeza wateja kwa asilimia 5, yaani wateja saba kwa juma. Wateja saba watamezwa na mchezo wa bahati wa kumi na wawili, na mwenye duka hatawaona. Ili awe na uhakika wa kutosha, itambidi alinganishe majuma kama 23 yenye tangazo na majuma 23 yasiyo na tangazo. Huo ni karibu mwaka mzima, tena kwa sharti kwamba mvua, msimu wa mavuno, ada za shule na sikukuu zisiingilie hesabu yake.

Kampuni yenye wateja 140,000 kwa juma iko katika hali nyingine kabisa. Kipeuo cha pili cha idadi hiyo ni karibu 374, na asilimia 5 yake ni 7,000. Badiliko lile lile ambalo duka dogo lingelitafuta mwaka mzima, kampuni hiyo italiona kwa juma moja. Na hata wakubwa hawako salama. Mwaka 2015 Randall Lewis na Justin Rao walitangaza uchambuzi wa majaribio 25 makubwa ya matangazo ya mtandaoni nchini Marekani, wakaonyesha kwamba mara nyingi hata majaribio ya ukubwa huo hayakutosha kujua kwa uhakika kama tangazo limeleta faida au hasara. Mwaka huo huo yalitangazwa matokeo ya jaribio la kampuni ya eBay. Kampuni hiyo ilipoacha kulipia matangazo yaliyotokea kila mtu alipotafuta jina lake, karibu wageni wote walifika vile vile kwa njia isiyolipiwa. Ilikuwa ikilipia watu waliokwisha kuwa njiani.

Mwenye duka dogo hana budi kulitafakari hilo. Wafuasi wake wa kwanza ni ndugu, majirani, wanakwaya wenzake na wazazi wa shule ya karibu. Hao hupita mbele ya duka lake kila siku. Akihesabu wafuasi mia tatu, amehesabu watu ambao wengi wao wangemjia hata kama asingewahi kununua bando.

Pale mawasiliano yalipokuwa haba

Isidhaniwe kwamba mawasiliano hayafai. Kanuni ya Liebig ina pande mbili: kirutubisho kilicho haba kikiongezwa, hata kidogo tu, mavuno huruka. Kati ya mwaka 1997 na 2001 simu za mkononi ziliingia katika pwani ya Kerala, India. Kabla ya hapo wavuvi wa dagaa walirudi kila mmoja katika ufuko wake, na siku nyingine samaki walitupwa katika ufuko mmoja huku wanunuzi wakikosa samaki katika ufuko wa jirani. Walipoweza kupiga simu wakiwa baharini na kuuliza bei, upotevu huo ulikoma. Robert Jensen, aliyeuchunguza mkasa huo katika makala ya mwaka 2007, alikuta kwamba faida ya wavuvi ilipanda kwa wastani wa asilimia 8, na bei kwa walaji ikashuka kwa asilimia 4.

Katika nchi hiyo hiyo, jimboni Maharashtra, wakulima walipelekewa habari za bei na hali ya hewa kwa ujumbe mfupi wa simu. Marcel Fafchamps na Bart Minten, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2012, hawakuona kwamba kwa wastani wakulima hao walipata bei nzuri zaidi kuliko wenzao. Chombo kilikuwa kile kile, yaani simu. Kwa wavuvi habari ndiyo iliyokuwa ubao mfupi. Kwa wakulima wale inaelekea ufupi ulikuwa penginepo.

Hata ndani ya Rungwe tofauti hiyo ipo. Mwenye nyumba ya wageni, au kijana anayewaongoza watalii kwenda ziwa Ngozi na Daraja la Mungu, anawategemea watu wa mbali ambao hawajui hata kwamba mahali hapo papo. Kwake yeye kujulikana ni haba kweli, na ukurasa wenye maelezo sahihi ya njia, bei na namba ya simu waweza kuwa mbolea inayotakiwa. Jirani yake anayeuza maziwa hana tatizo hilo. Maziwa yake humalizika kabla ya saa tatu asubuhi, na kilichopungua ni ng'ombe au majani. Kuwapa watu hawa wawili ushauri mmoja ni kutokuwatazama.

Kazi inayoweza kuanzia darasani

Ubao mfupi hutafutwa kwa daftari na kalamu. Mwenye biashara aandike, kwa muda wa mwezi mmoja, kila mteja aliyeondoka bila kununua na sababu yake: bidhaa ilikwisha, bei ilikuwa juu, mizani haikuaminika, chenji ilikosekana, duka lilikuwa limefungwa. Daftari hilo lina pengo moja, kwa sababu asiyelijua duka hafiki kuandikwa. Kwa hiyo waulizwe watu 30 wanaopita stendi au sokoni iwapo wanalifahamu duka na kinachouzwa humo. Wengi wakisema hawalifahamu, basi matangazo yafikiriwe. Wakisema wanalifahamu ila hawaendi, hakuna picha itakayowapeleka mpaka sababu ya kutokwenda iondolewe.

Kwa kuwa muuzaji mdogo hawezi kupima mabadiliko madogo, ni afadhali atafute yale makubwa. Kuondoa sababu inayomkosesha theluthi ya wateja wake kutaonekana kwa macho katika juma la kwanza, bila kuhitaji kipeuo cha pili. Kufukuzia asilimia tano zisizopimika ni anasa ya wenye wateja laki moja.

Uchunguzi wa namna hii unafaa sana kwa shule za sekondari. Darasa la hisabati laweza kuhesabu wateja wa duka la karibu kwa majuma manne na kuona lenyewe jinsi idadi inavyocheza bila sababu yoyote. Darasa la kemia au la kilimo laweza kupima kitu kikavu cha parachichi zilizochumwa kwa tarehe mbalimbali. Darasa la biashara laweza kuwapelekea wakulima matokeo hayo, wakaulizwe wangefanya nini nayo. Vijana watakaopitia kazi hiyo wataingia katika biashara wakiwa na silaha ambayo semina nyingi haziigawi, yaani mazoea ya kuuliza ushauri ulijaribiwa wapi, kwa nani, na walioufuata wakashindwa ni wangapi.

Fedha inayopotea kwa ushauri usiopimwa si ya makampuni makubwa. Ni ya mama aliyeuza mikungu kumi ili mwanawe apate simu ya kufanyia biashara, na ya kijana anayekopa ili alipie matangazo ya bidhaa ambayo jirani zake wote wanaifahamu. Watu hao wanastahili kutendewa na washauri wao kama bwana shamba mwenye busara anavyolitendea shamba: huuchimba udongo na kuupima kwanza, ndipo hutamka jina la mbolea.